Haki ya Mgonjwa wa Akili Aliyeua

Sifa zote njema anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), Aliyemtukuza mwanadamu kwa akili. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baad:

Ndugu zangu katika imani, mjini Dodoma ipo Taasisi ya Isanga, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe. Huko mahakama huwapeleka watu walioshitakiwa kwa makosa mazito, yakiwemo mauaji, ambao akili zao zimetiliwa shaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka muda wa siku 42 ili hospitali itoe ripoti yake kwa maandishi.

Katika hospitali za namna hii, daktari hutibu kwa dawa, na mwanasaikolojia hukaa na mgonjwa akamsikiliza. Siku ile alisikia sauti gani? Alimdhania marehemu kuwa nani? Alijua kwamba atendalo ni kosa? Kisha huwauliza jamaa zake, huchunguza kama alikuwa amelewa, na hupima kama anajifanya mwendawazimu ili aikwepe adhabu.

Wapo wanaosema kuwa huku ni kumtetea muuaji. Tuwakumbushe kisa cha Maa'iz (Radhwiya Allaahu 'anhu), kilichopokewa katika Swahiyh Muslim. Alikuja mwenyewe kukiri zinaa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliuliza kama mtu huyu ana wazimu, akatuma watu kwa kaumu yake kuuliza hali ya akili yake, na kinywa chake kikanuswa isije ikawa amekunywa pombe. Yote hayo ni kabla ya hukumu. Basi anayefanya uchunguzi huo leo kwa uadilifu amebeba amana kubwa: akimpendelea mshitakiwa, amedhulumu damu ya marehemu, akimpuuza, amemdhulumu mgonjwa.

Sote twajua kwamba kalamu imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka akili imrudie. Wanazuoni wakatofautisha wazimu wa kudumu na wazimu wa vipindi, kwani atendalo mtu katika kipindi cha uzima wake atahesabiwa kwalo. Hata hivyo, kuinuliwa kalamu hakuifanyi damu ipotee bure. Wanazuoni walio wengi wameona kuwa mauaji ya mwendawazimu huhesabiwa kama mauaji ya kukosea: hapana kisasi, lakini dia ni lazima, na hubebwa na 'aaqila, yaani jamaa zake wa upande wa baba, kwa muda wa miaka 3.

Tuzingatie hekima hii, ndugu zangu. Sheria imewaambia jamaa: huyu ni wenu, na mzigo wake ni wenu. Sisi leo tunafanya kinyume chake. Kijana akishapelekwa Isanga, ukoo humfuta. Hatembelewi wala hatajwi katika dua. Akipona, zipo familia zinazokataa kumpokea.

Na kupona kwenyewe kuna machungu yake. Fikirini hali ya mtu aliyerejewa na akili, akatambua kwamba aliyemuua katika maradhi yake ni mama yake mzazi. Hapo ndipo kazi ya mwanasaikolojia inapokuwa nzito zaidi: kumsaidia aukubali ukweli, asikate tamaa na rehma ya Allaah, asijidhuru, na azijue dalili za maradhi yake kabla hayajarudi. Lakini mwanasaikolojia hawezi kuwa baba, kaka wala shangazi.

Kwa hiyo tunausiana haya. Kwanza, dalili zikionekana, mgonjwa apelekwe hospitali mapema, asifungwe minyororo wala asipelekwe kwa wapiga ramli. Kusomewa ruqya ya kisheria ni haki yake, lakini si sababu ya kumwachisha dawa. Pili, aliye Isanga atembelewe. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya nduguye, na huyu pia ni mgonjwa. Tatu, familia ya aliyeuawa isisahauliwe, ipewe pole na msaada, kwani machozi yao nayo ni ya haki.

Tunamuomba Allaah Atuhifadhie akili zetu, Awaponye wagonjwa wetu na Awarehemu waliotangulia. Aamiyn.

Wa billaahi tawfiyq. Wassalaamu 'alaykum wa rahmatullaahi wa barakaatuh.