Walimu Wanaohama, Shule Zinazobaki: Ualimu katika Njia ya Zamani ya Misafara



Jambo nililoitwa kulizungumzia mnalijua kabla sijafungua kinywa. Hapa mkoani Tabora, mzazi wa Uyui analijua, wa Sikonge analijua, na wa Urambo, Kaliua, Nzega na Igunga vilevile: walimu hawakai. Wanapangiwa, wanaripoti, wanaanza kuzoeana na wanafunzi, kisha wanahama. Anayekuja baada yao naye anafika na begi moja, na macho yake yako barabarani.

Hoja yangu naitoa mapema ili mnipime nayo hadi mwisho. Kwa miaka mingi tumeweka nguvu zetu katika kumpeleka mwalimu kijijini na katika kumzuia asitoke. Hatujakaa naye chini tukakubaliana atakaa muda gani, atalala wapi na baada ya hapo atakwenda wapi. Mwalimu asiyejua ataondoka lini huanza kutafuta njia ya kuondoka siku ile ile anayofika.

Masharti ya njiani

Tuanze na ardhi tuliyosimama juu yake. Tabora ilikuzwa na watu waliokuwa safarini. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikatokea Tura na Kigwa, ndipo ikaingia Unyanyembe, yaani hapa Tabora. Kutoka hapa wengine walishika njia ya Ujiji. Wasafiri Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857 walikuta kituo cha biashara kilichokwisha kusimama. Sitaipamba njia hiyo: ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu waliotiwa utumwani. Lakini ilibeba pia kazi ya watu huru, wapagazi wa Kinyamwezi, na kazi yao ina funzo kwa maofisa utumishi wa leo.

Mpagazi aliichukua safari kwa masharti. Mzigo ulijulikana, nao kwa kawaida ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Ujira ulijulikana, na posho ya kila siku ilijulikana. Mwisho wa safari pia ulijulikana, kwa sababu Wanyamwezi wengi walishuka pwani wakati wa kiangazi na kutaka kurudi nyumbani kulima mvua zinapokaribia. Tajiri aliyepunja posho au kuzidisha mzigo aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na watu hawapo. Mkono mtupu haulambwi.

Mwaka 1872 David Livingstone alikaa Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini Tabora, tangu Machi alipoagana na Henry Stanley hadi Agosti, akisubiri wapagazi waliotafutwa pwani. Vita kati ya mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu vilikuwa vimeivuruga nchi. Msafiri mwenye jina duniani kote hakuweza kuendelea mpaka wapatikane watu walioikubali safari. Na wenye misafara waliofanikiwa ni wale waliojua kwamba mtu anayepewa haki yake kwa wakati, na anayeijua siku ya kurudi kwao, huufikisha mzigo.

Tabora iliyovuta walimu

Mji huu haukuwa daima mahali pa kukimbiwa na walimu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika miaka ya 1920 Waingereza walianzisha hapa shule ya serikali iliyokusudiwa kwanza watoto wa machifu, nayo ikawa miongoni mwa shule zenye sifa kubwa Tanganyika. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937, na baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha St. Mary's, shule ya misheni, tangu 1946 hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949.

Shule hizo zilikuwa chache, zilikuwa mjini karibu na reli, zilikuwa na nyumba za walimu, vitabu na walimu wenza wa kuzungumza nao jioni. Zilihudumia watoto wachache sana, na hilo lilikuwa kosa ambalo taifa huru lilipaswa kulisahihisha. Likalisahihisha. Novemba 1974 TANU ilipitisha Azimio la Musoma, na elimu ya msingi kwa wote ikapewa lengo la mwaka 1977. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka 2002, baada ya ada ya shule za msingi kufutwa. Elimu bila malipo ikaanza Januari 2016. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, nchi ikajenga madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi.

Hayo ni mafanikio, na mtu asiyaseme kwa sauti ya chini. Lakini kila wimbi lilipeleka shule mbali zaidi na reli, mbali zaidi na lami, ndani zaidi ya miombo. Kila mara tulihesabu madarasa na madawati. Nyumba ya mwalimu ikaja nyuma, au haikuja. Na mshahara wa walimu wa daraja moja ni uleule, mmoja awe Cheyo hapa mjini, mwingine awe kijiji kinachopakana na pori la Ugalla.

Milango ya kuondokea

Mwalimu huondoka kituoni kwa milango mingi. Wapo wanaostaafu. Wapo wanaobadili kada, wakaacha chaki na kwenda kwenye utendaji au ofisi nyingine za umma. Wapo walioondolewa, kama ilivyotokea mwaka 2017, uhakiki wa vyeti ulipowatoa kazini watumishi wa umma zaidi ya 9,000 nchini, walimu wakiwamo. Ila mlango unaotumika kila mwaka, na ambao tuna uwezo wa kuurekebisha, ni uhamisho.

Tuitazame barua yenyewe. Juu kulia ni anwani ya shule na tarehe. Chini yake, Mkurugenzi Mtendaji, kisha K.K. Afisa Elimu, K.K. Afisa Elimu Kata, K.K. Mwalimu Mkuu. Halafu YAH: MAOMBI YA UHAMISHO. Sababu haizidi mistari minne: kumfuata mwenza, kuuguza mzazi, kupata matibabu. Mwalimu mkuu anaandika pembeni kwamba hana kipingamizi "endapo mbadala atapatikana", akijua mbadala hayupo. Siku hizi maombi hupita kwenye mfumo wa mtandaoni wa ESS, na hilo limepunguza safari za mwalimu kwenda kuulizia faili lake. Swali la mbadala limebaki palepale.

Kwa hiyo walimu wamejitengenezea soko la kubadilishana. Kwenye makundi ya simu tangazo linasomeka hivi: natafuta wa kubadilishana naye, nipo Kaliua, nataka Morogoro, Arusha au Moshi. Walio Kaliua ni wengi, wanaotaka kuja Kaliua ni wachache. Anayefanikiwa kuhama kwa kuomba mwenyewe hubeba gharama zake. Anayehamishwa na mwajiri hustahili kulipwa, na malimbikizo ya madai ya uhamisho yamekuwa wimbo wa vikao vya Chama cha Walimu kwa miaka mingi.

Wengi wanaotafuta kuhama ni vijana. Binti wa miaka 25 aliyeajiriwa kijijini, mchumba wake akiwa Dodoma, ana haki ya kujenga nyumba yake. Tukimwambia kwamba ualimu ni wito, tunamwambia kweli, lakini wito haujengi choo wala haupunguzi kilomita za kumpeleka mtoto mgonjwa zahanati. Tumtendee kama mfanyakazi kwanza, na wito wake utaonekana wenyewe.

Anachoondoka nacho

Hasara ya uhamisho haionekani kwenye wastani wa wilaya. Chukueni shule ya msingi yenye wanafunzi 315 na walimu saba. Kila mwalimu ana wanafunzi 45, kiwango kile kile serikali inachokitaka. Wakihama wawili katikati ya mwaka, uwiano unafika 63. Darasa la kwanza na la pili wanakaa chumba kimoja. Kwenye ratiba ukutani, jina la aliyehama linafutwa kwa kalamu na jina la mwalimu wa taaluma linaandikwa juu yake, vipindi sita kwa siku. Sekondari hali ni kali zaidi. Akiondoka mwalimu pekee wa fizikia, vipindi vya kidato cha tatu vinakuwa vya kujisomea, na mwaka unaofuata watoto hao hao wanaingia chumba cha mtihani wa taifa.

Kuna pia elimu isiyo kwenye mtaala. Mwalimu aliyekaa Urambo miaka mitano anajua ni familia zipi zitahamia mashambani msimu wa tumbaku, na anajua ni watoto gani watakosa vipindi kwa sababu wanasaidia kuchochea moto kwenye mabani ya kukaushia majani. Humwendea mzazi kabla msimu haujaanza. Anajua mtoto wa darasa la kwanza anayesikia Kinyamwezi au Kisukuma peke yake, na humwanzishia Kiswahili kutoka hapo alipo. Mgeni akija, huyo mtoto anaonekana mzito, na yule wa mabanini anaandikwa mtoro.

Na maarifa hayo hayakabidhiwi kwa mtu. Makabidhiano yetu yanahusu vitabu, funguo na daftari la mali. Mtunza stoo hawezi kuondoka bila kusaini idadi ya majembe, lakini mwalimu wa darasa anaondoka na habari za watoto 60 kichwani mwake, na hakuna anayemuuliza.

Yanayowezekana

Nina mapendekezo matano, na yote yamo ndani ya uwezo wa nchi hii.

La kwanza ni muda unaojulikana. Anayepangiwa kituo kigumu apewe barua inayosema atahudumu miaka minne, na kwamba akiimaliza atatangulizwa kwenye orodha ya uhamisho kwenda moja ya halmashauri tatu alizozichagua. Ahadi hiyo itunzwe na Tume ya Utumishi wa Walimu ndani ya mfumo, isitegemee kufahamiana na mtu ofisini. Kumkataza asihame bila kumwambia lini ataruhusiwa kunamfanya mwalimu afundishe huku moyo wake ukiwa kwingine.

La pili ni nyumba. Kila mradi wa madarasa uwe na nyumba za walimu ndani ya bajeti ile ile. Kijiji kinachochangia matofali ya darasa kichangie na ya nyumba, na halmashauri imalizie paa. Maboma ya nyumba za walimu yanayoota nyasi ni aibu yetu sote.

La tatu ni fedha. Gambia ilianza mwaka 2006 kuwalipa walimu wa shule za mbali nyongeza ya asilimia 30 hadi 40 ya mshahara kulingana na umbali, na walimu wakaanza kuomba kupelekwa huko. Hapa kwetu walimu wakuu wanalipwa posho ya madaraka. Mwalimu wa kawaida wa kituo kigumu naye atambuliwe, na madai ya zamani yalipwe kabla ya kuahidi mapya.

La nne ni watoto wa hapa. Kenya ilijifunza kwa uchungu. Novemba 2014 al-Shabaab waliua abiria 28 wa basi karibu na Mandera, walimu wakiwamo, na mamia ya walimu waliotoka mikoa mingine wakakataa kurudi kaskazini mashariki. Madarasa yakabaki matupu kwa sababu eneo lile halikuwa na walimu wake wa kutosha. Sisi, kwa neema ya Mungu, tuna amani, lakini funzo ni letu pia. Kijana wa Sikonge au Igunga mwenye sifa alipiwe ada ya chuo cha ualimu na halmashauri yake, kwa makubaliano ya kurudi kufundisha. Mcheza kwao hutunzwa. Wote wasiwe wa hapa, maana taifa letu limejengwa kwa watu kufundishana nje ya makabila yao. Lakini kila shule iwe na wawili watatu wenye mizizi, wampokee mgeni na kumwelekeza.

La tano ni hesabu ya wazi. Mkutano mkuu wa kijiji husomewa mapato na matumizi. Usomewe pia kila mwaka walimu wangapi wameingia shuleni, wangapi wametoka, na wangapi wametimiza miaka mitatu. Mkurugenzi apimwe kwa waliobaki, kama anavyopimwa kwa madarasa aliyojenga. Na anayehama aandike, kabla ya kuondoka, kurasa mbili juu ya watoto anaowaacha.

Najua hoja ya gharama. Naomba tuhesabu na gharama tunayolipa sasa: mtoto anayeanza upya na mwalimu mpya kila mwaka, mtihani unaofanywa bila somo kufundishwa, na kijana anayemaliza darasa la saba bila kusoma sawasawa. Malipo hayo hayaonekani kwenye vitabu vya halmashauri, na wanaoyabeba ni wazazi maskini kuliko wote.

Waheshimiwa wakurugenzi, bajeti ya mwaka ujao mnaiandaa ninyi. Anzeni na shule tano zilizo mbali kuliko zote katika halmashauri zenu: nyumba mbili kila moja, barua zenye miaka iliyotajwa, na orodha ya uhamisho inayoheshimiwa. Wazazi, mpokeeni mwalimu mpya juma la kwanza, msingoje achoke. Nanyi wanachuo wa ualimu mnaosubiri kupangiwa, mkipelekwa Kaliua, nendeni, fundisheni kwa nguvu zenu zote, na daini masharti yenu mkiwa mmesimama wima. Ni haki yenu, na ni haki ya watoto mtakaowakuta.