Mama Mtu Mzima Naye Afundishwe: Hotuba ya Mgeni Rasmi kwa Akina Mama wa Mtoto wa Kwanza Baada ya Miaka 30, Morogoro

Ndugu Mwenyekiti wa kikundi,
Ndugu Mwakilishi wa Mganga Mkuu wa Manispaa,
Viongozi wa dini na wa serikali ya mtaa,
Wakunga na wauguzi wenzangu,
Akina mama, akina baba, na watoto wetu mliobebwa na mnaotambaa,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

   

Namshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na nawashukuru ninyi kwa kumwalika mkunga mstaafu awe mgeni wenu rasmi. Heshima hii naipokea kwa niaba ya wakunga wote walio zamu asubuhi hii.

Nimeisikiliza risala yenu. Katibu aliposoma habari ya mwenzenu aliyeficha ujauzito kazini hadi mwezi wa sita kwa kuogopa maneno ya watu, niliwaona wengi mkitikisa vichwa. Kumbe hilo si la mmoja. Mwanamke anayepata mtoto wa kwanza akiwa na miaka 33 au 38 anafika wodini akiwa ameshachoshwa na maneno. Alianza kuulizwa "lini?" kwenye harusi ya mdogo wake. Alipokuwa shuleni aliambiwa asome kwanza, na alipomaliza kusoma akaambiwa amechelewa. Wapo humu waliohangaika muda mrefu kutafuta mtoto. Wapo waliosumbuliwa na uvimbe kwenye kizazi, wapo ambao mwenzi wa kuaminika alichelewa kutokea, na wapo walioamua wenyewe kusubiri. Kila mmoja ana sababu yake, na hadaiwi maelezo na mtu yeyote, awe wifi, awe muuguzi wa mapokezi.

Lakini liko jambo linaloniumiza kuliko maneno ya watu, na ndilo nimekuja kulisema. Mama huyu haulizi, na watu hawamfundishi. Binti wa miaka 20 akijifungua, nyumba nzima inahamia chumbani kwake: bibi anamkanda, shangazi anamshikia mtoto, jirani anamletea uji wa pilipili manga. Mama wa miaka 36 ni mtu mzima, pengine ni bosi wa watu, na marafiki zake wa rika wana watoto kidato cha pili, wameshasahau hata jinsi kitovu kinavyodondoka. Kila mtu anadhani anajua. Naye anaona aibu kusema hajui.

Niwasimulie nililoliona usiku mmoja nikiwa zamu. Alikuwapo wodini mama wa miaka 37, mkuu wa shule ya sekondari. Alijifungua salama mtoto wa kike, na wodi nzima ilimwita Madam. Wauguzi walipita kitanda kwa kitanda wakiwaelekeza wazazi wadogo, na kwake walisimama kidogo tu: "Madam, uko sawa?" Akajibu yuko sawa. Usiku wa pili mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Matiti ya mama yalikuwa yamejaa, magumu na ya moto, chuchu zimechanika, naye amegeukia ukutani ili asionekane akilia. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo binti wa miaka 22 na mtoto wake wa pili. Akashuka, akapiga goti: "Shikamoo mama. Samahani, naomba nikuonyeshe." Akamchukua mtoto, akamlaza tumbo lake likigusana na tumbo la mama, akasubiri mdomo ufunguke wazi kabisa, akaliingiza titi pamoja na ile sehemu nyeusi, siyo chuchu peke yake. Kidevu cha mtoto kikagusa titi. Muda si mrefu tukasikia anameza.

Mkuu wa shule yule hakupungukiwa akili. Alikosa mtu wa kumwonyesha. Na kama asingeonyeshwa usiku ule, asubuhi mumewe angetumwa dukani kununua maziwa ya kopo, maana mama angeamini kwamba hana maziwa. Wengi wanaamini hivyo siku ya pili na ya tatu. Maziwa ya mwanzo, dang'a, huwa machache kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo mno. Siku ya kwanza mililita chache tu kwa kila mnyonyo zinamtosha. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, hata asilimia 7, na kwa kawaida huurudisha wiki ya pili inapoisha. Anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukihesabiwa. Kuanzia siku ya tano au ya sita, akilowesha nepi sita kwa siku, ujue maziwa yanaingia. Mama akiambiwa haya mapema, analala.

Ndiyo maana nakithamini kikundi hiki. Mnaposimuliana kichefuchefu, kiungulia cha mwezi wa nane, mshono wa operesheni unavyovuta ukikohoa, mnafanya kazi ambayo foleni ya kliniki haitoi nafasi ya kuifanya. Muuguzi ana kina mama wengi wanaomsubiri. Ninyi mna jioni nzima.

Sasa naomba niseme na upande wa pili, na nitasema wazi kwa sababu ninyi ni watu wazima. Umri una uzito wake. Kuanzia miaka 35, na zaidi baada ya 40, presha ya mimba, kisukari cha mimba, uvimbe wa kizazi na kujifungua kwa upasuaji huongezeka. Mimba kuharibika nako huongezeka. Kwa wanawake waliovuka 40 ni karibu theluthi moja ya mimba zinazotambulika. Uwezekano wa kupata mtoto mwenye ugonjwa wa Down, ambao kwa mama wa miaka 30 ni kama mmoja kati ya 900, hufika kama mmoja kati ya 350 akiwa na 35 na mmoja kati ya 100 akiwa na 40. Isomeni namba hiyo ya mwisho vizuri: kwa mama wa miaka 40, watoto 99 kati ya 100 hawana ugonjwa huo. Na miaka 32 peke yake si sababu ya kupasuliwa. Mtu akikuambia nyonga zako zimezeeka, mwulize amezipima wapi.

Kinachonikosesha amani ni presha. Mimba ya kwanza, kwa umri wowote, ina hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba, na umri wa miaka 35 na kuendelea unaongeza juu yake. Kwa hiyo baadhi yenu mnabeba mambo mawili kwa pamoja. Mjamzito wa namna hiyo anatakiwa amwulize daktari mapema kuhusu aspirini ya kiwango kidogo, ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa walio katika hatari kubwa na huanzwa kabla ya wiki ya 20. Nasisitiza: amwulize daktari, asijinunulie duka la dawa.

Hapa ndipo masimulizi yetu yanaweza kutuponza. Mmoja anasema, "Miguu imevimba." Mwenzake anamjibu kwa upendo kabisa, "Hata mimi ilivimba, ni kawaida, weka miguu juu." Na kweli kwa wengi ni kawaida. Lakini yule aliyeuliza kichwa kinamuuma tangu juzi, anaona vimulimuli machoni, na kuna maumivu chini ya kifua upande wa kulia. Huyo hahitaji kutulizwa. Anahitaji kupimwa presha na mkojo ndani ya saa hiyo. Uzoefu wa mwenzako ukupe moyo wa kuuliza. Kupima presha hauwezi. Naomba liwe sharti la kikundi hiki: mwenzenu akitaja kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, damu ukeni, maji kuvuja, homa, au mtoto kupunguza kucheza tumboni, jibu ni moja, "Nenda sasa hivi." Usafiri ukiwa kikwazo, piga 115 bila malipo, mfumo wa m-mama utawatafutia gari au dereva wa jamii.

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulionyesha 556. Sisi tuliokuwapo leba miaka ile tunajua maana ya namba hizo kwa sura za watu. Ila utafiti huohuo unaonyesha kwamba vifo vya watoto wachanga chini ya siku 28 havikushuka hivyo: kutoka 25 kwa kila watoto 1,000 hadi 24. Tumejifunza kumwokoa mama zaidi ya tulivyojifunza kumwokoa mtoto wake.

Kwa hiyo nazungumza na mabibi na mama wakwe mliopo. Arobaini ni mila njema. Mama anapumzika, anakandwa, anakula mtori na supu, hashiki jembe wala ufagio. Iendelee. Lakini siku hizo arobaini ni zilezile ambazo homa ya uzazi, kutokwa damu na presha humpata mama, na ni zilezile ambazo mtoto hupata maambukizi ya kitovu na manjano. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Kwenda kliniki hakuvunji arobaini. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi, kisipakwe majivu wala mafuta. Mtoto akikataa titi, akipumua haraka haraka, akiwa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, akiwa wa njano siku ya kwanza, akipatwa degedege, mfunikeni na mtoke naye kwenda kituoni hata kama ni siku ya tatu.

Akina baba, mwenzako akilia wiki ya kwanza bila sababu unayoiona, mkumbatie na umshikie mtoto alale. Hali hiyo kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Isipopita, akawa halali hata mtoto akilala, hataki kumshika mwanawe, anasema afadhali asingekuwapo, hiyo ni sonona na ina matibabu. Katika nchi zinazoendelea humpata karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua. Mama aliyemsubiri mtoto kwa miaka mingi hudhani hana haki ya kuhuzunika, kwa sababu watu wanamwambia, "Si ulimtaka mwenyewe?" Sentensi hiyo naiomba ikome katika nyumba zenu.

Waajiri nao wapo hapa, na mmeniomba katika risala niwasemee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inampa pia hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha katika saa za kazi. Saa hizo ni haki yake, wala si fadhila ya meneja. Baba anapata siku tatu, na mimi kama mkunga natamka kwamba ni chache. Chumba cha kukamulia maziwa mlichokiomba hakihitaji fedha nyingi: mlango wenye kitasa, kiti, maji ya kunawa na friji. Mwajiri mwenye ofisi ya vyumba vingi anaweza kukiandaa wiki ijayo.

Kuna ombi lenu moja ambalo sitalikubali kama lilivyo. Mmesema uanachama ubaki kwa waliojifungua mara ya kwanza wakiwa na miaka 30 na kuendelea. Naelewa mlitafuta mahali pa kusemea bila kuchekwa. Lakini mkumbukeni yule binti wa kitanda cha jirani. Utafiti wa 2022 unaonyesha kwamba zaidi ya msichana mmoja kati ya watano wenye umri wa miaka 15 hadi 19 ameshashika mimba au ameshazaa. Wengi wao hawana kazi, hawana kauli, na wanaogopa kliniki. Ninyi mna sauti, na mlango wa ofisi mnaujua. Tengeni mkutano mmoja kila mwezi uwe wa wote. Mtawasemea, nao watawaonyesha mengi.

Na wapo hapa ambao mimba ilitoka, au mtoto aliondoka kabla ya kupewa jina. Mlikaribishwa, mmekuja, na nawaona. Ninyi ni mama. Kikundi kisiwaruke zamu ya kusimulia ikiwafikia, na kisiwalazimishe.

Familia yangu imeleta mashine tatu za kupimia presha kwa ajili ya kikundi. Zizungushwe nyumba kwa nyumba kwa wajawazito na waliojifungua karibuni. Ikisoma 140 juu, au 90 chini, au zaidi ya hapo, mtu aende kituoni siku hiyohiyo, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Ikifika 160 juu, au 110 chini, ni dharura, hata kama anajisikia mzima.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba mkutano wenu wa mwaka umefunguliwa rasmi. Wauguzi wawili wako kwenye meza karibu na mlango. Kila mjamzito, na kila aliyejifungua ndani ya wiki sita zilizopita, apite pale apimwe kwanza, ndipo aende kwenye chakula.