Rangi ya Kabati Inayonata au Kubanduka

Rangi ya kabati la jikoni hubanduka hasa pale ilipopakwa juu ya mafuta ya kupikia. Kunata kuna chanzo kingine. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni hewani, na baridi huichelewesha. Mji kama Eldoret, ulio mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, huwa na baridi ya namna hiyo. Jioni za mvua, mkono mzito wa rangi huganda juu ukabaki mbichi ndani.

Milango ing'olewe, ioshwe kwa maji moto na sabuni, isuuzwe na kuachwa ikauke kabisa. Hatua hii hupuuzwa mara nyingi, nayo ndiyo huamua kama rangi itashika. Kisha rangi iliyolegea au inayonata ikwanguliwe, na iliyoshika ipigwe msasa hadi mng'ao uishe. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, sumu kwa ubongo wa mtoto: ilowanishwe kwanza, watoto wakae mbali, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Ifuate praima, halafu mikono miwili myepesi, ikipakwa asubuhi madirisha yakiwa wazi. Kati ya mkono na mkono isubiriwe siku nzima, au zaidi kukiwa na mvua.