Unga Hausongwi Kiganjani

Ndugu msikilizaji, leo nina maneno machache juu ya sufuria. Uniwie radhi wewe uliyetegemea siasa.

Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi huko Mbagala, wilayani Temeke. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na maelfu walikimbia na nguo walizovaa, wengine wakapotezana na watoto wao. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 yakawa yale yale Gongo la Mboto, na maelfu ya watu wakakimbilia Uwanja wa Uhuru. Desemba ya mwaka huo huo bonde la Msimbazi likafurika. Watu zaidi ya 40 walikufa jijini, na walionusurika wakahifadhiwa mashuleni. Januari 2012, shule zilipokuwa zinafunguliwa, wakahamishiwa kwenye mahema Mabwepande, wilayani Kinondoni.

Kila mara wananchi hutoa. Huja magunia ya unga, mchele na maharage, na wakabidhi hupigwa picha. Sina ugomvi na magunia. Lakini hebu tujiulize: mama aliyetoka kwenye maji na mtoto mgongoni, sufuria imesombwa, jiko limesombwa, mkaa umelowa, ukimpa kilo tano za unga afanye nini? Unga hausongwi kiganjani. Maharage makavu yanataka saa mbili au tatu motoni. Mtoto wake analala na njaa pembeni ya chakula.

Tena kuna kipindupindu. Mafuriko huchanganya maji ya vyoo na ya visima. Mlipuko wa mwaka 2015 ulianzia Kinondoni mwezi Agosti, ukasambaa mikoani. Chakula kilichoiva sawasawa, kikaliwa kingali moto, kwa mikono iliyonawa kwa sabuni, ni kinga. Ubwabwa uliopikwa mbali asubuhi ukawafikia walaji saa kumi jioni umepoa, huo ni hatari nyingine.

Sasa nani apike? Hapa ndipo ninapowashangaa wanaosema tusubiri wafadhili. Watu wa Manzese, Tandale, Mbagala na Tandika hawajui kupikia watu 300? Ukifiwa leo, kabla maiti haijatoka Muhimbili turubai limesimama, akina mama wako kwenye mafiga, vijana wanachota maji na daftari la michango linazunguka. Hakuna aliyeandikiwa barua. Masufuria ya shughuli yapo: kwenye vikundi vya akina mama, misikitini, makanisani, kwa wakodishaji. Na mama ntilie, kwa kulitazama tu gunia la mchele, anakwambia litalisha watu wangapi. Elimu hiyo wengi wetu tunaokaa maofisini hatuna.

Ila msiba una mwenyewe. Mafuriko hayana mwenyewe, kwa hiyo kila mtu humngoja mwenzake. Na huyo mama ntilie tumtendee haki. Akipika bure siku tatu, biashara yake imelala siku tatu. Nguvu zake anaweza kujitolea. Kuni, mkaa na mafuta visitoke kwenye mtaji wake, maana tutakuwa tumeongeza mwathirika mmoja.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya mtaa. Kamati hizo zisikutane kuhesabu nyumba zilizobomoka tu. Ziandike mapema nani ana masufuria makubwa, bomba la maji salama liko wapi, akina mama gani wako tayari kupika, na fedha ya kuni itatoka fungu gani. Kazi hiyo haihitaji semina wala posho. Kaunta buku moja inatosha, ikae kwa mwenyekiti wa mtaa, na nakala yake kwa mtu anayeishi juu mlimani, asije mwenyekiti naye akasombwa na daftari lake.

Masika huingia mwezi Machi.