Ukiona Kunguru, Taja Mahali Penyewe



Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1 hapa Pwani. Sumu hutegwa pale wanapokusanyika kula, si popote. Kwa hivyo anayeripoti kunguru kwa simu aangalie ramani kabla ya kutuma.

Washeni GPS, tokeni nje, mngoje alama itulie. Likoni iko karibu na latitudo -4.08. Ukisahau hiyo alama ya kutoa, kunguru wako anaonekana yuko kusini mwa Ethiopia! Kosa kama hilo hugunduliwa upesi. Baya ni lile dogo: tarakimu 2 baada ya nukta hupima hatua za kama kilomita 1, na hizo zatosha kumvusha kunguru feri hadi Kisiwani. Kwa tarakimu 4, hatua ni kama mita 11.

Unaporipoti jioni ukiwa nyumbani, sogeza alama hadi kwenye jaa ulikomwona, uandike na saa. Kiota cha kasa, lakini, usikianike hadharani: mayai yana wezi.