Kompyuta Inapochora Mji, Sisi Tuko Wapi?

(Maneno kwa vikundi vya maendeleo, Angurai)

 

Siku hizi mchoraji wa majengo hahitaji karatasi na rula tu. Anakaa mbele ya kompyuta, na picha ya setilaiti inamwonyesha mapaa ya Angurai hata kama hajawahi kukanyaga hapa. Faida ipo: kosa linarekebishwa kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Tazameni mpakani. Zamani msafiri alisimama mara mbili, Kenya halafu Uganda. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018 na Marais Kenyatta na Museveni, kinamhudumia mara moja tu, upande ule anaoingia. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja, na hati za mizigo hutumwa kwa kompyuta. Kwa hiyo hata majengo yakapangwa upya. Lakini tujiulize: kituo kimoja kikiondolewa, mama aliyeuza ndizi pale anahamia wapi? Je, mchoro unamwona?

Hapo ndipo pana shida, jameni. Setilaiti inaona paa, haioni nani analala chini yake. Haimwoni mjane ambaye shamba lake bado limeandikwa jina la marehemu. Haijui ni chemchemi gani inatuokoa wakati wa kiangazi.

Wenzetu wa Kibera hawakungoja. Mwaka 2009 vijana 13 walizunguka vijiji vyao na vifaa vya kupima mahali, wakaweka vyoo, maji, zahanati na shule kwenye ramani. Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaunganisha wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaro na sehemu za mafuriko.

Basi na sisi tuanze. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inaitaka kaunti itangaze mpango wake na kupokea maoni ya wananchi. Kila kikundi kitembee kijiji chake, kiandike njia, chemchemi, soko na nyumba za wajane. Wazee waonyeshe mipaka, vijana wenye simu wapige picha. Tangazo likitoka, twende barazani na karatasi yetu mkononi, na wajane wakae mbele.

Kompyuta huchora kile ilichoambiwa. Tuiambie sisi wenyewe. Mungu awabariki.