Mwalimu Aliyebaki Iten

 

Nianze na swali. Mwaka 1996 kule Atlanta, Burundi iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Vénuste Niyongabo akatuletea dhahabu ya mita 5,000. Hiyo hata mtoto wa juzi amesimuliwa. Haya, sasa nitajie mwalimu aliyemfundisha. Umenyamaza, siyo? Ndivyo tulivyo. Mkimbiaji tunamshangilia, mwalimu hatumuulizi hata jina.

Kwa hiyo leo twende Kenya, mji mdogo wa Iten, juu kabisa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Mwaka 1976 alifika pale bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jiografia katika shule ya wavulana ya St. Patrick's. Mambo ya riadha hakuwa amesomea popote. Alimkuta mwalimu Mwingereza akifundisha mbio, akawa anamsaidia. Yule Mwingereza alipoondoka, kazi ikabaki mikononi mwa huyu wa jiografia. Basi akajifunza kwa kuwatazama watoto wakikimbia.

Najua wengine mmeshakunja uso: mwinjilisti, mbona unatuletea bruda wa Kikatoliki? Ndugu yangu, subiri nimalize.

Katika shule hiyo alitoka Peter Rono, dhahabu ya mita 1,500 kule Seoul mwaka 1988. Alitoka Matthew Birir, dhahabu ya kuruka viunzi na maji kule Barcelona mwaka 1992. Alitoka Wilson Kipketer, aliyekwenda kukimbilia Denmark akawa bingwa wa dunia mara tatu. Na wasichana je? Shule ilikuwa ya wavulana, lakini aliwafungulia kambi wakati wa likizo. Mmoja wao, Lydia Cheromei, alishinda mbio za nyika za dunia za vijana mwaka 1991 akiwa na miaka 13. Miaka 13, wapendwa! Sisi mtoto wa miaka 13 tunamtuma kupanga viti.

Halafu akaja David Rudisha. Baba yake alipata medali ya fedha kule Mexico mwaka 1968 katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, na kijana alitaka mita 400 kama baba. Mwalimu akamtazama, akaona mguu wake ni wa mita 800. Akamlea polepole, mwaka kwa mwaka, bila kumkimbiza mbele ya wakati wake. Tarehe 9 Agosti 2012, London, Rudisha alikimbia dakika 1 na sekunde 40.91, na hakuna mwanadamu aliyewahi kufika hapo kabla yake.

Baada ya hapo mwalimu alikwenda wapi? Hakwenda. Alibaki Iten, na watoto wengine.

Katika Biblia ninamwona Barnaba. Soma Matendo 11. Sauli amekaa Tarso, na Barnaba anafunga safari kwenda kumtafuta, anamleta Antiokia, wanafundisha pamoja mwaka mzima. Mbele kidogo Barnaba anapanda merikebu kwenda Kipro, na kitabu hakimfuati tena. Paulo tunamhubiri kila Jumapili.

Hapa Buyenzi tuna gereji mpaka barabarani. Fundi mzuri unamjua kwa wale vijana wanaomshikia spana. Ukirudi baada ya miaka mitano, unakuta mmoja amefungua gereji yake avenyu ya pili.

Sasa niseme langu, maana si vizuri kuwanyoshea wengine kidole. Niliwahi kuanzisha darasa la vijana. Walikuwa saba. Nikaitwa kwenye mkutano ng'ambo ya mpaka, halafu mwingine, halafu semina. Pale nilipewa maikrofoni na kiti cha mbele, na picha zilipigwa. Niliporudi nikawakuta wawili. Nikamuuliza mmoja, wenzako wako wapi? Akanijibu, "Mwinjilisti, tulidhani umehama."

Neno hilo sikulijibu. Mpaka leo linanichoma.

Katika gazeti hili utaona picha zetu nyingi, sisi wenye suti. Wewe unayefundisha watoto chini ya mwembe, au kwenye sebule ya mtu, picha yako pengine haimo. Niandikie nyumbani kwako kuna watoto wangapi. Nataka kujua hesabu hiyo kuliko ya waliohudhuria mkutano.

Darasa langu limeanza tena, Jumamosi saa tisa alasiri. Jumamosi iliyopita walikuja watano, mmoja amechelewa. Mkutano wa mwezi ujao nimemwomba ndugu mwingine aende.